Baba ana miaka 66, anaambiwa kipande cha pafu chake kina kasoro ya kuzaliwa. Tukubali apasuliwe?

BintiMakorora
Jumanne, saa 3:12 usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Nipo Tanga mjini, Makorora. Naandika hapa kwa sababu nyumbani tumeshagawanyika makundi mawili na mie nipo katikati kama mkeka wa mlangoni, kila anayepita ananikanyaga.

Baba yangu ana miaka 66. Ujana wake wote kabeba mizigo bandarini. Sigara hajawahi kuvuta, anasa yake ni kahawa tu pale barazani. Kikohozi namjua nacho tangu nasoma shule ya msingi. Masika ikianza, na yeye anaanza. Tulishazoea, tukisikia anakohoa uani tunajua baba kaamka kwa swala. Ila mwaka jana kapata nimonia mara mbili, mwaka huu mara moja tena, na kila akipigwa picha wanasema ni palepale, chini kushoto. Makohozi yamepimwa TB mara tatu, hayana kitu. Halafu Ramadhani hii, wakati wa daku, akakohoa na leso ikawa nyekundu. Sisemi michirizi, nasema damu yenyewe. Ningeikinga ingejaa vifuniko vitatu vinne vya chupa ya soda. Aliikunja leso haraka akaendelea kunywa uji wake, akidhani sijaona.

Kaka yangu wa Dar akaja kumchukua. Huko kapigwa CT, ile unayochomwa dawa ya rangi kwenye mshipa. Jina la ugonjwa linavunja ulimi, nimelinakili kwenye karatasi: sekwestresheni ya pafu. Daktari alituchorea nyuma ya bahasha. Hapa pafu, hapa kipande ambacho hakikuungana na njia ya hewa, na hapa mshipa unaokipelekea damu, unatoka kwenye mshipa mkuu wa mwili na si kwenye mshipa wa mapafu. Akasema baba kazaliwa nacho. Akasema dawa yake ni kufungua kifua na kutoa sehemu yote ya chini ya pafu la kushoto.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kina umri gani?" Daktari akamjibu, "Umri wako, mzee." Baba akasema, "Basi tumekua pamoja, tutazikwa pamoja." Akadai nauli, akarudi Tanga.

Baba mdogo anamuunga mkono, anasema kifua cha mzee hakifunguliwi kama kopo la maziwa. Kaka anataka apasuliwe mwezi huu huu. Shangazi kaleta habasoda, asali na majani ya mkaratusi ya kujifukiza, na anaapa kuwa kikohozi kimepungua. Kweli kimepungua, lakini hata mwaka jana mwezi kama huu kilipungua.

Kuna mtu humu kapitia hili kwa mzee wa umri huo? Au kwake mwenyewe? Na je, sisi watoto nasi tuna vipande hivyo vifuani bila kujua?

Mgosi_wa_Pongwe
Jumanne, saa 3:40 usiku

Pole sana dada. Sitaki kukukatisha tamaa, ila hilo la kuzaliwa nacho linanipa shida kidogo. Mtu kabeba magunia bandarini miaka thelathini na pafu bovu? Kasoro za kuzaliwa zinaonekana kwa watoto, mtoto anazaliwa na mdomo sungura au tundu kwenye moyo. Huyu ni babu. Mie babu yangu alikohoa vilevile na akafika miaka tisini, kafa kwa kuanguka kisimani. Tafuteni daktari wa pili. Mjini ukiingia na kadi ya bima hutoki bila mshono.

BiMkubwa_wa_Brashi
Jumanne, saa 5:05 usiku

Marahaba mwanangu. Nimesoma miwani mkononi, nikarudia nimeivaa. Hicho cha baba yako mie nilikuwa nacho. Nimesema nilikuwa, maana kilitolewa nikiwa na miaka 62, na sasa nina 68, na leo asubuhi nimetoka Barabara ya 12 hadi soko la Ngamiani kwa miguu nikarudi na nazi nne. Mgosi, nakuheshimu, lakini hapo kwa watoto umepotoka. Ngoja niwasimulie, usingizi wenyewe siku hizi hauji mapema.

Mie nilifanya kazi ya mkonge, shamba moja upande wa Muheza. Niliingia 1983, chumba cha brashi. Kwa asiyejua: jani la mkonge likishapita kwenye korona, ile mashine ya kukamulia majani, linabaki singa, singa zinaanikwa kambani juani, zikikauka zinaletwa kwetu. Unashika konzi ya singa, unaiingiza kwenye mashine yenye ngoma inayozunguka kwa kasi, inachana upande mmoja, unageuza inachana wa pili. Linalotoka hapo ni vumbi jeupe. Likikukaa kwenye kope unakuwa bibi kizee ukiwa na miaka ishirini na sita. Tulijifunga kanga puani na jioni ukiifungua ina alama ya matundu mawili ya pua.

Kwa hiyo kila nilipokohoa jibu lilikuwa tayari: vumbi la mkonge. Mie mwenyewe niliamini. Nikasahau kwamba nilikuwa nakohoa kabla sijauona mkonge kwa karibu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa ananisugua kifua kwa mafuta ya nazi na karafuu nikiwa na miaka mitano, na nina mimba ya mwanangu wa kwanza nililazwa kwa nimonia, ya pili nikalazwa tena. Upande uleule. Nani angeunganisha hayo yote? Kila mahali unakwenda na daftari jipya, la zamani watoto wameshalichorea.

Nilipofika miaka 57 damu ikaanza. Zahanati moja (sitaitaja, na aliyenihudumia keshastaafu) wakapima makohozi mara mbili, hakuna TB, lakini picha ina kivuli, na mie nimekonda, basi wakaniandikia dawa za TB hivyohivyo. Miezi sita, mwanangu. Mkojo rangi ya chungwa, tumbo linawaka, na jirani zangu wawili wakaacha kunywa chai nyumbani kwangu. Hilo la chai liliniuma kuliko vidonge. Nikamaliza dozi, nikapigwa picha, kivuli kipo palepale kinanitazama.

Hapo neno likabadilika likawa saratani. Hospitali nyingine, nje ya Tanga, wakasema watanichoma sindano ndefu mgongoni kuchukua nyama wakaipime. Nishavua blauzi, nimelala kifudifudi, akaingia kijana mmoja daktari, ndevu hazijajaa, akaitazama picha pale kwenye kisanduku cha taa, akanipa shikamoo, akauliza, "Mama, una picha yoyote ya kifua ya zamani? Ya zamani sana?"

Nikacheka. Nikamwambia ninayo ya 1987, kazini walitupima kifua watu wote wa brashi, kila mtu akapewa yake aondoke nayo. Akasema sindano isubiri. Akaniambia, "Nenda kailete, hata kama imeliwa na mende."

Ilikuwa chini ya godoro, kwenye bahasha ya kaki, imelala na picha nyingine ya marehemu mume wangu alipovunjika bega. Unyevu wa bahari unajua ulivyo, zile mbili zilikuwa zimegandana. Mwanangu wa kiume akazibandua polepole pembeni mpaka pembeni kwa kisu cha kupakia siagi, mie nimefumba macho nikisikia ile sauti ya kuchanika. Bega la mume wangu likaondoka na ngozi kidogo ya kifua changu, pale juu kwenye shingo. Chini kulibaki kuzima. Akaenda nayo dirishani, akainyanyua juani. Nje anapita muuza vitumbua anapiga kelele. Na pale kushoto, nyuma ya moyo, mtoto akaweka kidole: wingu lenye ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji.

1987! Kabla ya damu, kabla ya kukonda, na vumbi nimelila miaka minne tu.

Yule kijana alizitundika mbili pamoja, ya 1987 na mpya, akachukua rula. Yai lilikuwa limenenepa kidogo, basi. Akasema, "Mama, saratani haikai miaka thelathini na mbili ikikusubiri." Sindano ikafutwa siku ile ile. Akaniandikia CT ya dawa ya rangi, Dar, na kule ndiko mshipa ulipoonekana. Baadaye nikaelezwa kwa nini alikuwa na haraka ya kuizuia ile sindano: kile kipande kinanyonya damu moja kwa moja kutoka mshipa mkuu wa mwili. Ukikidunga bila kujua, unatoboa bomba kuu.

Mwanangu, ndiyo maana nakuambia kabla ya kubishana na baba mdogo, kabla ya kaka hajapanga tarehe: tafuteni picha ya zamani. Baba yako kafanya kazi bandarini, hawakuwahi kumpima kifua? Fungueni masanduku. Kivuli kisichohama ndicho kitakachomshawishi mzee. Maneno ya daktari hayatamshawishi, wala hii hadithi yangu.

Sasa la kupasuliwa. Nilipasuliwa Muhimbili. Daktari wa upasuaji alikuja jioni ya kabla, akakaa kitandani, akaniambia kazi yote ngumu ni mshipa mmoja. Nyama yenyewe ni rahisi. Kule ndani wanautafuta mshipa ule kwanza, wanaufunga, ndipo wanakata. Ukikatwa bila kufungwa, kichwa chake kinarudi nyuma chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, huko tumboni, na damu ya mshipa mkuu haikungoji ukitafute. Lakini wakijua upo na umetokea wapi, wanaukuta. Ndiyo kazi ya ile CT. Wangu alisema ulikuwa mnene kama kidole changu cha mwisho, akakishika kunionyesha. Aliufunga mara tatu, "mara mbili kwa kanuni, ya tatu kwa ajili yako."

Walinipima kwanza moyo, damu, wakanipulizisha kwenye kimashine, wakanipandisha ngazi wakihesabu. Kuhusu umri sikusikia mtu akiuliza, waliuliza ngazi. Damu chupa mbili walijitolea mwanangu na kijana wa jirani, mmoja wa wale walioacha kunywa chai. Nimemsamehe mama yake.

Wanakulaza ubavu wa kulia, mkono umenyanyuliwa. Kovu langu linaanzia chini ya bega mgongoni linakuja mpaka chini ya titi. Uzuri wake ni kwamba kwenye nusukaputi hujui kitu. Ubaya ni siku tatu za baadaye. Wanapanua mbavu ili mikono iingie, na mbavu zina kumbukumbu. Nikaamka na mpira umetoka ubavuni unaingia kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, nikikohoa maji yanachemka bwebwebwe. Muuguzi, msichana wa Kisambaa, mkali lakini ana huruma, alikuwa anakuja: "Kohoa bibi." Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja huku kuacha kukohoa." Akasema, "Utaacha. Kohoa kwanza." Siku ya tano mpira ukatolewa. Siku ya tisa nikatoka.

Niliomba nikione. Walishakipeleka maabara, lakini mwanangu alipigiwa picha ya simu. Kama sponji ya kuoshea vyombo iliyosahauliwa kwenye maji machafu, matundu matundu, yamejaa ute wa kijivu. Mpangaji wa miaka 62, anakunywa maji ya bomba kuu na kodi hajalipa hata siku moja.

Nimechoka, nitaendelea kesho mkiuliza.

MtuWaMionzi
Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Kazi yangu ni kupiga hizo picha, si daktari wa upasuaji, kwa hiyo nitasema la upande wangu. Bi Mkubwa kaeleza vizuri kuliko wengi wetu.

Mgosi, jibu la swali lako: kipande kile kinajitokeza wiki za mwanzo za mimba, chipukizi la ziada linaota kando ya yale yatakayokuwa mapafu, linajitafutia mshipa wa damu wa karibu. Jina hilo la sekwestresheni alilitumia daktari Pryce, aliyekuwa London, mwaka 1946. Karibu robo tatu ya vipande hivi viko ndani ya pafu lenyewe, chini ya ngozi yake, na ndivyo vinavyoweza kunyamaza mpaka utu uzima. Vingine vina ngozi yake vyenyewe, hivyo mara nyingi huonekana mapema kwa watoto. Pafu lililobaki linafanya kazi yote, ndiyo maana mtu anabeba magunia. Shida inaanza vijidudu vikipenya mle: ute hauna mlango wa kutokea, basi kila nimonia inarudi nyumba ileile. Nimonia inayorudi sehemu moja mara tatu inastahili CT, kwa mtu wa umri wowote.

Damu nayo ina maelezo. Mshipa wa mapafu unasukuma kwa shinikizo la kama milimita 25 za zebaki. Mshipa mkuu wa mwili ni kama 120. Mishipa myembamba ya pafu inapokea 120 miaka yote hiyo, ipo siku itapasuka mmoja.

Dada, kuhusu watoto: kwa kawaida hairithiwi. Hamna haja ya kupiga foleni nyote mje kwetu, foleni inatosha.

Mambo mawili ya kazi. Msiende kwa mpasuaji na karatasi ya majibu peke yake, chukueni sidii nzima ya CT. Anataka kuuona mshipa mwenyewe, unatoka juu ya kiwambo au chini yake, ni mmoja au ni miwili, maana wakati mwingine ni miwili. Pili, mkipata picha ya zamani na hamna kisanduku cha taa, fungueni ukurasa mweupe kwenye kompyuta au televisheni, mwanga juu, iwekeni mbele yake. Kama kuna iliyopigwa ubavuni ni bora zaidi, kwenye ya mbele moyo unaficha.

Ipo pia njia ya kuuziba ule mshipa kwa kupitia kwenye paja, bila kufungua kifua. Inasaidia asiyeweza kuhimili upasuaji, au kupunguza damu kabla ya kupasua. Lakini kipande chenyewe chenye uchafu kinabaki ndani. Mulizeni daktari kama kwa mzee ina maana.

Mgosi_wa_Pongwe
Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Haya, kwa watoto nimekubali nilikosea. Ila lile nililogusia la kadi ya bima na fedha, nyie wote mmelikwepa. Na asiye na maumivu yoyote naye apasuliwe tu kwa sababu kitu kipo?

MtuWaMionzi
Jumatano, saa 2:31 asubuhi

La pili ni swali zuri. Mzee asiye na dalili yoyote, kikaonekana kwa bahati tu, madaktari wenyewe hawasemi neno moja, wapo wanaopendelea kumfuatilia kwa picha. Lakini huyu anakohoa damu na kapata nimonia tatu. Hapo mizani imeinama. La fedha sitatupia namba hewani, kila bima na kila hospitali na bei yake. Omba makadirio kwa maandishi kabla ya kulazwa, ni haki yenu.

BintiMakorora
Jumatano, saa 7:20 mchana

Bi Mkubwa shikamoo, nimelia na kucheka. Asante kaka wa mionzi, na Mgosi nawe asante, umeuliza ya baba mdogo yote.

Naomba kuuliza, baada ya hapo uliishije? Baba anaogopa jambo moja kuliko kifo, kwamba atakuwa mtu wa kukaa kitandani akihema.

BiMkubwa_wa_Brashi
Jumatano, saa 10:44 jioni

Marahaba. Mwambie ana sehemu tano: kulia tatu, kushoto mbili. Moja inatoka, na hiyo moja ilikuwa haimsaidii kitu kikubwa. Iliyobaki juu inatanuka inajaza nafasi. Mie sikuamini mpaka nilipoonyeshwa picha ya mwaka mmoja baadaye.

Lakini nisimdanganye. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafika chooni uani na kurudi, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nipumue. Mwezi wa pili nikafika kwa jirani. Kuna zoezi walinipa, chupa ya maji nusu na mrija, unapuliza mapovu mara kumi kila saa. Wajukuu wakafurahi sana, wakawa wananinyang'anya. Mwezi wa nne nikapika pilau ya arobaini ya shemeji yangu, sufuria kubwa, nikigeuza mwenyewe kwa mwiko. Ubavu unanivuta mpaka leo kukiwa na baridi, na pale chini ya titi pamekufa ganzi, ukinigusa sijui. Sidiria za chuma nimeacha. Hilo baba yako halimhusu.

Nimonia sijapata tena. Kikohozi cha mafua ya kawaida kinakuja na kuondoka kama cha mtu yeyote. Kitu cha ajabu ni asubuhi za kwanza kwanza. Niliamka alfajiri nikangoja kukohoa, kama unavyongoja jogoo. Hakikuja. Mwanangu akaja kugonga mlango kwa wasiwasi, maana miaka yote alijua mama kaamka kwa kile kikohozi. Kama baba yako tu.

Jambo moja la muhimu: mto. Nunueni mto kabla hajalazwa. Akikohoa anaukumbatia ubavuni kwa nguvu, maumivu yanapungua nusu. Mie sikuambiwa, siku mbili za mwanzo nilikuwa nashika chuma cha kitanda.

BintiMakorora
Ijumaa, saa 4:08 usiku

Naleta mrejesho. Jana tumefungua kasha la bati la baba. Kulikuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi, risiti za redio ambayo haipo tena, barua za mama, na chini kabisa picha ya kifua, imeandikwa kwa mkono pembeni, 1989. Walipimwa kabla ya kuandikwa kazi ya kudumu. Mende wamekula kona moja tu.

Tukafungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta ya mpangaji wetu, mwanafunzi. Mie sijui kusoma picha. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa pa kutazama, nyuma ya moyo, na pale palikuwa na wingu. Baba mdogo aliinama akatazama, akavua kofia, akatazama tena, akasema ni uchafu wa kioo. Akaupangusa. Ukabaki.

Baba hakusema kitu kwa muda. Mie nimezaliwa 1990. Akanigeukia akasema, "Kumbe huyu kakuzidi umri. Mpe shikamoo."

Halafu akauliza basi la kwanza la Dar linaondoka Kange saa ngapi. Kaka kapata miadi ya Jumatatu, wataanza na vipimo vya moyo na hizo ngazi. Sidii ninayo, picha ya 1989 nimeifunga kwenye kanga. Mgosi, makadirio ya maandishi tumeomba, wamesema tutapewa siku hiyohiyo.

Bi Mkubwa, huo mto uwe mkubwa au mdogo?

BiMkubwa_wa_Brashi
Ijumaa, saa 4:15 usiku

Mdogo, wa kulalia mtoto. Wa usufi. Sponji inabonyea haina kazi. Na shona foronya mbili, moja ya kufua.